Mashefu Kumi na Saba, Askari Wanne

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Msicheke. Katika kazi ya protokole mtu anastaafu siku anapooa, na mimi naoa mwezi ujao, kwa hiyo juzi nilirudisha glavu nyeupe, tai nyekundu na funguo za kabati la kanisani tunamofungia trei. Nyinyi mnaozishika trei hizo sasa mmeniomba niandike mambo mawili matatu ninayoyajua. Nitaandika, ila msitarajie mpangilio. Nilisoma sayansi ya siasa miaka minne hapa Louisville, na nilichotoka nacho chuoni ni tabia ya kuuliza "kwa nini" hata mtu akiniomba chumvi.

Kwa yule ambaye hakukulia kwetu: protokole ni vijana wa sare moja kwenye arusi za Wakongo. Tunapokea wageni mlangoni, tunawakalisha, tunawanawisha mikono, tunawapelekea chakula na soda. Hatulipwi. Mkuu wetu anaitwa shefu, na hana uhusiano wowote na upishi. Nilikuwa natoka zamu ya ghala Jumamosi asubuhi, nafunga tai kwenye kioo cha gari, na saa sita mchana nimesimama mlangoni nikitabasamu kama mtu aliyelala.

Jambo la kwanza. Wageni wahesabuni wakati wa maombi. Ndiyo saa pekee ambayo kila mtu amekaa, ametulia na amefumba macho. Mchungaji wetu akiomba, unahesabu ukumbi mzima mara mbili na bado unabaki na muda wa kuhesabu watoto chini ya meza. Nilimuuliza aliyenifundisha kama si dhambi. Alisema Mungu naye anahesabu.

Aliyenifundisha ni Mzee Ajida. Jina lake la ubatizo halijui mtu. Ajida ni cheo chake, ajida wa jeshi la Zaire, ngazi ya juu kabisa chini ya maofisa. Alikuwa mtu wa intendansi, wale wanaolisha, kuvisha na kusafirisha askari. Miaka kumi na tisa alilisha jeshi. Kisha akawa mkimbizi, kisha akaletwa Beechmont, kusini mwa Louisville, ambako alikuwa anafunga maboksi ya vipuri mchana na kutufundisha protokole jioni katika gereji yake. Gereji haikuwahi kuona gari. Ilikuwa na viti vya plastiki, trei, na makopo ya soda yasiyohesabika ya kufanyia mazoezi.

"Bon, Professa," alisema siku ya kwanza, maana jina hilo alinibandika kabla sijaketi, "arusi ya juzi, bageni balikuwa ngapi?"

"Kama mia mbili, mzee."

"Kwa jeshi, ile 'kama' inaua batu."

Jambo la pili, kabla sijasahau: soda zianze meza iliyo mbali na jikoni. Walio karibu na jikoni hawatakufa, wanasikia harufu na wana shangazi ndani. La tatu: usimwambie mgeni kwamba chakula kimeisha. Mwambie kinakuja, halafu nenda ukakitafute.

Sasa niseme kuhusu kosa langu, maana najua mnalisubiri. Wengine mmelisikia Columbus likiwa limeongezwa chumvi. Halihitaji.

Mdogo wangu Gideoni alimpenda Neema, binti wa Buffalo. Familia ya Neema inakaa Black Rock, kule karibu na mto, katika nyumba ambayo baba yake aliinunua ikiwa imebomoka na kuirudisha kwa mikono yake. Wazee wa Buffalo wakaja Louisville kwa uchumba, mwendo wa saa nane barabarani, wazee saba na kofia saba. Mimi, kaka wa bwana arusi, ndiye niliyekuwa shefu wa protokole. Na mimi, kwa kuwa nimesoma, nilikuwa na mawazo.

Wazo langu lilikuwa kwamba vyeo vya meza vimepitwa na wakati. Kwa nini mzee ale kabla ya kijana? Kwa nini mtu mzima anawishwe mikono wakati bomba lipo? Nikapanga vyakula kwenye meza ndefu ukutani, nikaweka sahani mwanzoni, nikatangaza kwa maikrofoni kwamba leo sote ni sawa, kila mtu ajipakulie. Vijana walipiga makofi. Foleni ilikwenda vizuri sana. Mimi nilikuwa wa kwanza, ili kuonja kama mbuzi ameiva.

Mzee Ajida siku ile alikuwa kazini kwenye ghala. Ningemsikiliza? Sina hakika.

Mnaojua kwetu mmeshashika vichwa. Mkwe hapangi foleni ya chakula nyumbani kwa wakwe zake. Hata awe na njaa ya siku tatu, hasimami na sahani mkononi mbele ya watu wanaomchukua binti yake. Anakaa, ananawishwa, anapewa maziwa, ndipo chakula kinamfuata. Wale wazee saba walikaa. Niliwapitia mara mbili nikiwa natafuna.

"Mzee, mmekula?" nilimuuliza Baba Neema, mzee mrefu mkimya, kofia yake ikiwa juu ya goti.

"Tuko sawa, mwana wangu," alijibu. "Endeleeni."

Nami, mtu wa kuuliza kila kitu, swali hilo moja sikuliuliza mara ya pili.

Waliimba nasi, waliomba nasi, wakaaga kwa heshima na kurudi Buffalo. Habari zilitufikia kesho yake kupitia kwa shangazi: wazee saba walisimama kituo cha mafuta ndani ya Ohio wakala viazi vya pakiti wakiwa wamesimama, kofia vichwani, hakuna aliyezungumza. Kisha ukaja ujumbe wa Baba Neema mwenyewe, kwa sauti, kwenye simu ya mama yangu. Hakupandisha sauti hata kwa neno moja. Alisema arusi ipo, ifanyike Columbus katikati ya njia ili wazee wasisafiri mno. "Lakini kama bazee bangu banakaa tena bila kunawa mikono, nitavaa kofia yangu na nitainuka. Na mutoto wangu atainuka na miye."

Gideoni hakunisema. Alikuja tu chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda, akaniuliza kwa Kiingereza kama angalau mbuzi alikuwa ameiva. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Kesho yake nilikwenda gerejini. Mzee Ajida alikuwa anapanga makopo.

"Umekuja kujifunza ao umekuja kubishana?"

"Yote mawili, mzee."

"Bon. Kaa."

Ndiko nilikojifunza jeshi la taifa zima juu ya meza ya kukunja. Kopo moja ni askari. Makopo kumi ni seksioni, na seksioni ina mkuu mmoja. Seksioni tatu ni peloto, mkuu mmoja. Peloto tatu au nne ni kompani, mkuu mmoja. Kompani kadhaa ni batalioni, na batalioni kadhaa ni brigedi, na kila alipopanda ngazi mzee aliongeza kopo moja tu la rangi nyingine, Fanta, juu ya rundo.

"Ona," alisema. "Fanta ni chache. Jeshi ni hesabu ya Fanta."

Kila batalioni ina ofisi nne zinazomsaidia mkuu. Ya kwanza inajua watu. Ya pili inajua habari. Ya tatu inapanga shughuli. Ya nne inalisha. Tukazigeuza zote kuwa za arusi. Ya kwanza ni mwenye orodha mlangoni. Ya tatu ni mwenye ratiba. Ya nne ni jikoni. Ya pili ilitusumbua kidogo, mpaka tukamkumbuka binamu yangu Rasheli, ambaye anajua nani hasemeshani na nani katika miji mitatu, tangu lini, na kwa sababu ya ng'ombe yupi. Kumkalisha mtu karibu na adui yake ni kosa la ofisi ya pili. Mpaka leo Rasheli hupokea simu akisema, "Ofisi ya pili, sema."

Nilibishana, ndiyo. Niliuliza: kama jeshi lilipangwa vizuri namna hiyo, mbona vita vilipokuja lilikimbia mbele ya watu wenye ndala?

Mzee Ajida hakukasirika. Alisema jeshi lenyewe lilizaliwa vibaya. Wakoloni walilianzisha kulinda mali yao, si watu. Maofisa wote walikuwa Wazungu. Mwafrika alipanda, alipanda, na dari lake lilikuwa ajida. "Hii cheo yangu, bazee betu hawakuweza kuipita." Uhuru ulipofika, jeshi lote halikuwa na ofisa hata mmoja mweusi. Hazikupita siku nyingi askari wakaasi, na sajini aliyelala sajini akaamka kanali. Tangu hapo kila serikali ilibadilisha jina la jeshi na umbo la kofia.

"Jina mupya, kofia mupya," alisema, "lakini mushahara haufiki, na muchele haufiki. Miye nilikuwa naandika magunia mia, inafika makumi mbili. Donc, waliokuwa juu balikula kwanza. Askari mwenye njaa anakimbia. We ungebaki?"

Nilikuwa nimekula kwanza mimi pia.

Nawaambia na hili, halafu turudi kwenye kicheko. Mama yangu hakupenda niende kule gerejini. Kwake askari si makopo mezani. Askari ni mtu anayegonga mlango. Nilimweleza mzee. Akasema mama yuko sahihi. Siku moja jeshi lake mwenyewe lilisoma orodha ya watu wa kabila letu la milimani waliotakiwa kukamatwa, na jina lake lilikuwamo, naye alikuwa bado ameshika funguo za ghala. Aliziacha mlangoni akaondoka. "Nilifundishwa kulisha batu," alisema. "Hiyo tu nilibeba."

Jumapili iliyofuata alimwomba mama yangu ruhusa ya kunifundisha, akiwa ameshika kofia. Mama alimpa chai. Kwetu chai ni ndiyo.

Ikabaki somo la mwisho, na hili ndilo nililolicheka kuliko yote. Baada ya vita, alisema, serikali iliyaita makundi yote yaliyokuwa msituni yaje kuchanganywa katika jeshi moja. Kuchanganywa huko kuliitwa brasaji, jinsi bia inavyochanganywa. Lakini kila kundi lilikuja na majenerali wake, na hakuna aliyetaka kushuka. Ili watu watulie, vyeo vikagawiwa. Makanali wakawa kama mchanga.

Mzee alichukua makopo yote ya Fanta akayapanga mezani, kisha akaweka kopo moja la Koka pembeni. "Sasa nani atabeba maji?"

Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye kiti cha plastiki. Nikasema hakuna mtu mwenye akili anayeweza kufanya ujinga huo.

Arusi ya Columbus ilihitaji timu tatu, maana familia zote mbili zilitaka watu wao waonekane, na Columbus ndio wenyeji. Nikapewa kazi ya kuziunganisha kwa simu. Mama Solange wa Columbus alisema ukumbi uko mjini kwake, kwa hiyo yeye ni shefu. Haki. Ezekieli wa Buffalo alisema watu wake hawasafiri mwendo wa saa tano kuja kuwa chini ya mtu, kwa hiyo naye ni shefu. Haki pia. Mimi nilikuwa shefu tayari. Kisha wakaanza manaibu. Kijana wa mlangoni akataka kujua kwa nini kuna shefu wa soda na yeye ni mlinda mlango tu. Nikampa. Kila nilipotoa cheo, simu ilitulia, na nikajiona mwanadiplomasia. Nikanunua utepe mwekundu wa kubandika kifuani kwa kila shefu, nikaukata mwenyewe kwa mkasi, nikifurahia.

Mzee Ajida alikuja nasi Columbus kama mshauri. Ukumbi tuliupata kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, si dakika moja zaidi. Alipoingia jikoni alitutazama tulivyojipanga, sote ishirini na mmoja, safi kama sabuni. Alipita akihesabu vifua kwa kidole.

"Mashefu kumi na saba," alisema. "Askari bane." Akanigeukia. "Professa. We ulicheka."

Hapakuwa na muda wa aibu. Wageni walikuwa wanaingia. Mama Solange aliwapeleka wazee wa Buffalo meza ya mbele kulia. Naibu wake akawahamisha kushoto. Ezekieli, kwa kuwa ni wazee wake, akawarudisha kulia, ambako tayari walikuwa wamekaa watu wa Louisville. Wazee saba walizunguka ukumbi na kofia zao kama msafara unaotafuta malisho. Jikoni kila shefu alikuwa anamwagiza mwenzake. Askari wetu wanne walikuwa wanabeba trei mpaka jasho likalowesha tai, na watu walikuwa karibu mia tatu. Nilikuwa nimewahesabu wakati wa maombi.

Bakuli la kunawia, jagi na taulo vilikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Nilimwona shefu wa maji. Alikuwa anamtafuta naibu wake.

Rasheli alinijia haraka, akitabasamu kwa ajili ya wageni na kunong'ona kwa ajili yangu. "Ofisi ya pili. Kofia ya Baba Neema imetoka kwa goti."

"Imekwenda wapi?"

"Iko kwa mukono."

Nilitazama. Mzee alikuwa ameishika kwa ukingo, anaizungusha polepole. Wazee wengine sita walikuwa wanaitazama kofia hiyo. Upande wa pili Neema, ndani ya gauni lake, alikuwa anaitazama pia, na Gideoni alikuwa ananitazama mimi.

"Nani ameagizwa kunawisha?" nilimuuliza Ezekieli.

"Hiyo ni ya Columbus."

"Hiyo ni ya protokole ya bwana arusi," alisema Mama Solange. "Usinitazame hivyo, kaka, nilikuandikia."

Kofia ilipanda mpaka kifuani.

Nilibandua utepe wangu nikautia mfukoni mwa Mzee Ajida, maana ndiye aliyekuwa karibu. Nikachukua bakuli, jagi na taulo begani, nikavuka ukumbi ule wote, nikapiga magoti mbele ya Baba Neema. Sikusema hotuba. Nilisema, "Mzee, maji."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Magoti yalianza kuuma. Sakafu ya Columbus ni ngumu. Kisha akaiweka kofia juu ya goti na kunyoosha mikono.

Nilipofika kwa mzee wa tatu nilisikia viatu nyuma yangu. Ezekieli alikuwa amepiga magoti kwenye meza ya pili na bakuli la saladi alilolimwaga sijui wapi, kifua chake hakina utepe. Mama Solange alikuwa anapita na maziwa. Nilipogeuka kuelekea jikoni, Mzee Ajida alikuwa amesimama mlangoni, na kila aliyepita kuchukua trei alimtia utepe mfukoni bila kuulizwa. Mfuko wa koti ulivimba kama shavu la mtoto mwenye pipi.

"Seksioni ya kwanza, meza ya mbali," alisema taratibu. "Seksioni ya pili, bazee. Ya tatu, soda. Sitaki kusikia 'kama'."

Sijawahi kuona trei zikienda vile. Tulikuwa tunacheka tukipishana, watu wa miji mitatu, hakuna anayejua nani mkubwa wa nani. Mbuzi alifika moto. Na ilipofika saa ya kumkabidhi binti, Baba Neema aliinuka kweli, bila kofia, akaushika mkono wa Neema na kuuweka katika mkono wa mdogo wangu. Gideoni alilia. Atakataa, lakini ofisi ya pili ina picha.

Saa kumi na moja na nusu ukumbi ulikuwa unafagiliwa. Tulikuwa jikoni ishirini na mmoja pamoja na mzee, tukikwangua sufuria. Palikuwa na ukoko wa bugari, ugali wetu, na mchuzi wa samaki asiyekuwepo. Mlango ukafunguliwa, akaingia Baba Neema, kofia kichwani.

Alitazama sufuria. Alitutazama. "Nani hajakula huku?"

"Tuko sawa, mzee," nilisema.

"Ile jibu naijua," alisema. "Niliitoa Louisville."

Akavua kofia, akamkabidhi Mzee Ajida aishike. Akaokota jagi na bakuli pale chini ya sinki, yeye, mkwe, akanisogelea. "Leta mikono."

Nilifungua mdomo kuuliza kwa nini.

"Professa," alisema Mzee Ajida, "funga."

Maji yalikuwa ya baridi. Alinimiminia mpaka kwenye kiwiko, kwa makusudi kabisa, na nyuma yake wazee sita wa Buffalo waliingia na sahani ambazo walikuwa wamezifunika kwa karatasi za mezani tangu saa tisa, nyama ya mbuzi katika kila moja.

Basi, kabati ni lenu. Rafu ya chini mtaona sanduku la viatu, na ndani yake tepe nyekundu kumi na saba. Mzee alikataa kuzitupa. Tumieni moja.